Sikukuu ya Mashujaa: Huzuni na Shukrani Katika Nyumba Moja



Jamaa zetu wengi wa Pwani waliohamia Nairobi kutafuta riziki wamefanya makazi yao karibu na Eneo la Viwanda, maarufu kwa jina la Industrial Area, katika mitaa ya Eastlands kama vile Makongeni, Kaloleni, Mbotela, Shauri Moyo na Pumwani. Mgeni atokaye Mombasa au Kwale akifika huko hustaajabu kukuta barabara za viwandani zimepewa majina ya kwao: Likoni, Changamwe, Bamburi, Funzi, Lunga Lunga. Siku za kazi barabara hizo hujaa malori, moshi na vibarua wanaojipanga malangoni tangu alfajiri. Ifikapo tarehe 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa, malango mengi hufungwa. Aliyeajiriwa kwa mwezi hupumzika na watoto wake. Kibarua wa siku hupumzika pia, ila mfuko wake nao hupumzika. Na mama ambaye mwanawe yumo rumande katika gereza la Industrial Area hujua kwamba siku hiyo mahakama hazifunguliwi, kwa hiyo kungojea kwake kumeongezwa siku moja.

Ndani ya nyumba hizo, aghalabu mbele ya redio au televisheni yenye hotuba na gwaride, huzuka mabishano ambayo twayafahamu vyema, kwa kuwa hata huku kwetu yapo. Mmoja husema ni haki kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhuru, kwani wapo waliokufa ili sisi tupumue. Mwingine, ambaye baba yake alizikwa pasi na kuwahi kuiona hati ya shamba alilozaliwa, huuliza uhuru huo ulimfikia nani. Watoto husikiliza, na kesho yake mwalimu huwataka waeleze shujaa ni nani.

Twaona kwamba wote wawili wanasema kweli, na kwamba kosa limo katika kudhani lazima mmoja wao anyamaze. Siku hii tangu asili yake imebeba mambo mawili, na atakaye kuiadhimisha kwa haki hana budi kuyabeba yote mawili. Ili kulifahamu hilo, na tuitazame siku yenyewe, kisha mitaa hiyo ya Nairobi, kwani historia yake imeandikwa hata katika majina ya nyumba.

Siku iliyoanza kwa kilio

Tarehe 20 Oktoba haikuanza kwa furaha. Usiku wa tarehe hiyo mwaka 1952, serikali ya kikoloni chini ya Gavana Evelyn Baring ilitangaza hali ya hatari na kuanza kuwakamata viongozi. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Baada ya uhuru siku hiyo ikafanywa sikukuu na kuitwa Kenyatta Dei, kwa jina la mtu mmoja. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoibadilisha ikawa Siku ya Mashujaa. Badiliko hilo si dogo. Shukrani iliyokuwa ikielekezwa kwa mmoja ilifunguliwa mlango, wakaingia na wale ambao picha zao hazikuwahi kutundikwa ukutani.

Eneo la Viwanda lina sehemu yake katika habari hiyo. Kubai na Kaggia walikuwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na nguvu ya vyama hivyo ilitoka kwa watu wa karakana, reli na viwanda waliolala katika mitaa hii. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama akatoa hoja kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Bara Hindi, akisema na Waafrika kuhusu nchi yao wote. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa, na siku iliyofuata wafanyakazi wa Nairobi wakaweka zana chini. Mgomo huo ulienea hadi miji mingine, na Mombasa ikiwamo. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na zaidi ya umri wake ilipotelea kizuizini.

Kisha ikaja tarehe 24 Aprili 1954. Wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakapita mtaa kwa mtaa, hasa Eastlands, wakiwatoa watu majumbani na kuwachuja kwa makabila. Zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakatiwa vizuizini. Wengi wao walipelekwa kambi za Manyani na Mackinnon Road.

Hapa, ndugu msomaji, habari inageuka na kuja kwetu. Nani kati yetu aliyesafiri kwenda Nairobi asiyeijua Mackinnon Road? Abiria husimama pale kuswali na kuzuru kaburi la Sayyid Baghali, kisha safari ikaendelea. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mahali hapo hapo palikuwa na kambi ya wafungwa waliotolewa katika mitaa ambayo leo jamaa zetu wanaishi. Njia iliyowapeleka babu zetu bara kutafuta kazi ndiyo iliyowateremsha wenzao Pwani wakiwa chini ya ulinzi.

Na Hola, katika Tana River, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa kwa kukataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Wakubwa wa serikali kwanza walieleza kwamba watu hao wamekufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka, habari za Hola zilifika mpaka Bunge la Uingereza. Kwa hiyo yule wa kwetu asemaye kwamba Sikukuu ya Mashujaa ni habari ya watu wa bara, na aambiwe kwamba makaburi yake mengine yamo katika ardhi ya Pwani.

Tena, uhuru ulipopatikana mwaka 1963, chama cha Mau Mau kilibaki kimepigwa marufuku na sheria. Marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Kwa muda wa miaka 40 Kenya ilisherehekea kila Oktoba, ilhali wazee waliopigana msituni hawakuruhusiwa kukutana kwa jina lao. Na ilipofika Juni 2013, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa. Aliyeipokea fidia hiyo, akamkumbuka mwenzake aliyezikwa kabla yake, aliijua vyema siku yenye mambo mawili.

Majina yaliyo malangoni

Tuitazame sasa mitaa. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapokea watu waliobomolewa nyumba zao katika kijiji cha kale cha Pangani, Nairobi. Wengi wao walikuwa Waislamu, watu wa lugha yetu na desturi zetu. Kabla yao, wakazi wa vijiji vingine, kimojawapo kikiitwa Mji wa Mombasa, walikuwa wamehamishiwa Pumwani. Yasimuliwa kwamba walioondolewa Pangani, walipotakiwa kukubali makazi mapya, walisema hilo ni shauri la moyo, na jina likabaki. Katika jina hilo mna uchungu wa nyumba iliyobomolewa, na mna subira ya watu walioanza upya, wakasimamisha swala na kusomesha watoto Qur'ani palepale walipotupwa.

Mbele kidogo kando ya Jogoo Road kuna mtaa wa Mbotela, na kuna mitaa yenye jina la Ofafa. Maelfu ya watu hutaja majina hayo kila siku kwa makondakta wa matatu, bila ya kujua yalitoka wapi. Tom Mbotela alikuwa mwana wa ukoo wa Freretown, Mombasa, pale penye kengele ya Kengeleni, mji uliojengwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Ukoo huo ndio uliomtoa pia James Juma Mbotela, mwandishi wa kitabu Uhuru wa Watumwa. Tom alikuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, naye alipinga hadharani njia ya mapanga na viapo. Aliuawa Nairobi mwezi Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, aliuawa mwaka uliofuata. Mauaji yote mawili yalinasibishwa na Mau Mau, na serikali ya kikoloni ikawapa marehemu hao mitaa kwa ukumbusho.

Basi kila Oktoba 20, watu wa Mbotela na wa Ofafa huwaadhimisha wapigania uhuru wakiwa wamelala chini ya majina ya watu waliouawa katika vita hivyo hivyo, kwa upande wa pili. Hakuna aliyeng'oa vibao hivyo baada ya uhuru. Twaona katika hilo hekima, hata kama haikukusudiwa. Mtaa umekubali kuwa damu ilimwagika huku na huku, na kwamba mjane wa huku na mjane wa huku walilia kwa machozi ya namna moja.

Nasi watu wa Pwani tuna la kujiuliza mbele ya jina la Mbotela. Freretown isingekuwapo lau biashara ya watumwa isingekuwapo, na biashara hiyo ilipita katika bandari zetu, na katika baadhi ya nyumba zetu. Atakaye wengine wakumbuke maumivu yake, na akumbuke pia maumivu yaliyopita mlangoni pake.

Majeraha ya baada ya uhuru

Wapo wasemao kwamba hayo ni ya wakoloni, yamekwisha. Lau ingekuwa hivyo, mabishano ya sebuleni nayo yangekwisha.

Mwaka 1969, kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alifungwa miaka mitatu kwa kijikaratasi alichokiandika kuihoji serikali, chenye jina Kenya: Twendapi? Akiwa gerezani alitunga mashairi yaliyochapwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Na tutafakari hapo: aliyefungwa na serikali ya Kenyatta alitunukiwa kwa jina la Kenyatta, kwa maneno aliyoyatunga katika kifungo hicho. Tuzo haikurudisha miaka mitatu iliyopotea, na miaka hiyo haikuifanya tuzo isistahili. Yote mawili yamo katika daftari moja.

Mwezi Aprili 2014, miaka 60 kamili baada ya Anvil, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko katika msako wa usalama, wengi wao Wasomali na Waislamu, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, uwanja huo huo ambao taifa hukusanyika kusherehekea sikukuu zake. Mwezi Juni 2024 vijana waliandamana kupinga mswada wa fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Oktoba ya mwaka huo sherehe za Mashujaa zilifanyika kwetu Kwale, na mama zao bado hawakuwa wamefuta machozi.

Na mwaka 2025 taifa zima lilifunzwa jambo hili kwa wiki moja. Raila Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba, akaagwa katika uwanja wa Nyayo, ulio jirani na Eneo la Viwanda, na akazikwa Bondo tarehe 19. Siku ya pili yake ikawa ndiyo Sikukuu ya Mashujaa, siku za maombolezo ya kitaifa zikiwa bado hazijakwisha. Waliompenda na waliompinga walijikuta wakiadhimisha na kuomboleza kwa pumzi moja, na hakuna aliyesema kwamba jambo hilo haliwezekani.

Tulivyofunzwa

Kwetu sisi Waislamu jambo hili si geni. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim, alilia mbele ya masahaba. Mmoja wao, Abdurrahman bin Awf, akastaajabu, naye akamweleza kwamba machozi hayo ni rehema. Jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Hakuificha huzuni kwa kisingizio cha imani, wala hakuiacha huzuni ikamla imani yake. Na katika hadithi mashuhuri tumefunzwa kwamba jambo la muumini lote ni kheri: akipata la kufurahisha hushukuru, akipatwa na la kudhuru husubiri. Shukrani na subira zimetajwa pamoja kama mabawa mawili, na ndege haruki kwa bawa moja.

Dini imeipa huzuni mipaka yake pia. Mwanamke aliyefiwa na mume amewekewa eda ya miezi minne na siku kumi, na aliyefiwa na ndugu hakai matanga zaidi ya siku tatu. Mwenye eda haambiwi acha kulia upesi, wala haambiwi usitoke kamwe. Akina mama walioipitia wanafahamu kwamba siku ya kutoka eda hakumsahau marehemu. Alijifunza kumbeba huku akiendelea kupika, kulea na kucheka.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni ule wa Bibi Khadija, Allah amuwie radhi. Alifariki katika mwaka uliokuja kuitwa mwaka wa huzuni, kabla ya Hijra, kabla ya ushindi wowote. Hakuiona Madina. Hakuiona siku Makka ilipofunguliwa. Mtume hakumsahau katika neema. Alipokuwa akichinja kondoo huko Madina, alikuwa akiwapelekea nyama marafiki wa Khadija. Huzuni yake kwa aliyetangulia, na shukrani yake kwa kilichopo, vilikutana katika sahani moja.

Nyumbani tufanye nini

Mfano huo hauhitaji jukwaa wala gwaride. Unahitaji jiko, na jiko lipo katika kila nyumba, iwe Majengo ya Mombasa au Majengo ya Pumwani.

Kwanza, siku hiyo tukipika, iwe biriani au wali wa nazi na samaki, na tutenge sahani kabla hatujala. Ipelekwe kwa mjane, kwa mzee aliyebaki peke yake, kwa mama mwenye mtoto rumande, au kwa jirani kibarua ambaye sikukuu imemnyima ujira wa siku. Asiulizwe kabila wala dini yake. Sahani ipelekwe na mtoto, naye aambiwe ni kwa nini.

Pili, na tuwaulize wazee wetu wangali hai. Bibi wa Pumwani aweza kukumbuka yaliyosimuliwa kuhusu Pangani. Babu wa Changamwe aweza kukumbuka migomo ya bandarini. Wajukuu wayaandike katika daftari pamoja na majina na miaka. Mtoto akitakiwa shuleni kumtaja shujaa, awe na Mekatilili wa Menza, awe na Makhan Singh, na awe pia na babu yake aliyebeba magunia Industrial Area miaka 30 na kuwasomesha watoto sita.

Tatu, tunapoomba dua baada ya Magharibi, na tuanze kwa kuhesabu neema kwa majina: watoto waliolala salama, swala isiyozuiliwa, kura tuliyopiga, neno tuliloweza kuliandika bila ya kufungwa. Kisha tuwataje kwa majina waliotutangulia, na dhulma ambazo bado hazijalipwa, na tumwombe Mola haki. Na tusimkatize anayelia kwa kumwambia ashukuru, wala tusimkatize anayeshukuru kwa kumwambia amesahau.

Huenda mwaka huu pia mabishano yakazuka mbele ya televisheni. Na yazuke, lakini kwa adabu, wazee wasikizwe na vijana wasinyamazishwe. Nyumba iliyo na mwenye kushukuru na mwenye kuhuzunika, na wote wakala sinia moja, haina upungufu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awafariji wajane na mayatima wa kila upande, awafungulie waliofungwa bila ya hatia, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kusubiri na wenye kushukuru. Amin.